Gari la kasi likifika Kamuli: rimu ndogo ndiyo yenye mbio

Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene ina urefu wa karibu kilomita 60, na kwa mwenye gari la kasi ni barabara yenye ushawishi mkubwa. Inapanda na kushuka vilima vya Karagwe, kona zake ni ndefu, migomba na mibuni inakusindikiza pande zote mbili. Dereva aliyetoka Mwanza au Dar es Salaam na Altezza au Subaru Impreza yenye rimu za inchi 18 anafika Omurushaka akiwa na uhakika kwamba alichagua vizuri. Kisha anakata kuelekea Kyerwa. Huko changarawe ndiyo inayotawala, na mwenye safari ya kata ya Kamuli atakutana na udongo mwekundu, mawe yaliyochomoza, mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua katikati ya njia, na vipande virefu vya barabara vilivyojaa mawimbi yanayotikisa gari mpaka dashibodi inalia. Hapo saizi ya tairi inaacha kuwa suala la urembo.

Magari haya yameongezeka. Mwaka ambao kahawa imelipa, kijana aliyekuwa anaota pikipiki anaanza kuuliza bei ya Subaru. Desemba nayo huwaleta nyumbani waliokwenda kutafuta maisha mijini, na wengi wao wanarudi na magari waliyoyapamba kwa bidii: yameshushwa, yamevalishwa rimu pana, na tairi lenye ubavu mfupi kiasi kwamba ukitazama kwa mbali unaona chuma tu. Gari kama hilo lina mvuto wake, na mwenye nalo amelifanyia kazi. Sina ugomvi na uzuri wake. Ninachokataa ni imani iliyoenea vijiweni kwamba rimu ikiongezeka ukubwa, gari linaongezeka mbio.

Msimamo wangu ni kwamba gari lenye nguvu linaloishi Kamuli, au linalokwenda huko mara kwa mara, livae rimu ndogo kuliko zote zinazoweza kupita juu ya breki zake, na tairi lenye ubavu mrefu. Wala sisemi hivyo kwa kuhimiza ubahili. Kwenye barabara zile, gari linakwenda kasi zaidi likivaa hivyo.

Anayebisha aende Naivasha, Kenya. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa kipimo kikali cha gari lolote duniani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda mara tano. Mwaka 1997 Colin McRae aliyashinda akiwa na Subaru Impreza, na ushindi wa aina hiyo ndio uliolijenga jina la gari ambalo leo kijana wa Karagwe anauza kahawa yake alinunue. Mashindano hayo yalirudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na kituo chake Naivasha. Ukichuchumaa karibu na Toyota GR Yaris ya timu ya kiwanda inapokwenda kwenye vumbi, ukasoma ubavuni mwa tairi lake, utakuta 205/65 na rimu ya inchi 15. Hiyo ni rimu ambayo kijiweni wangeicheka, na imefungwa kwenye gari ambalo hadi mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya nguvu farasi 500 likisaidiwa na umeme.

Gari hilohilo likipelekwa Ulaya kushindana kwenye lami huvuliwa rimu za 15 na kuvalishwa za 18, na tairi la 235/40. Piga hesabu ya kipenyo chote, tairi pamoja na rimu. La vumbi linatoka milimita 647, la lami linatoka 645. Tofauti yake haifiki unene wa sarafu mbili. Mafundi hawakulifanya gurudumu kuwa kubwa au dogo. Walichobadilisha ni mgawanyo: kwenye lami chuma kingi na upepo kidogo, kwenye vumbi chuma kidogo na upepo mwingi. Ubavu wa tairi la vumbi una milimita 133, wa lami una 94. Ili rimu ya 15 iweze kuingia, wanabadilisha hata breki: diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 370 zinazotumika kwenye lami zinatolewa, zinafungwa za milimita 300. Watu wanaopigania sekunde moja wanakubali kupoteza sehemu ya breki zao ili wapate ubavu mrefu. Na hata kwa ubavu huo, Sébastien Ogier, aliyekuwa tayari bingwa wa dunia mara nane, alipata pancha siku ya Ijumaa katika Safari ya mwaka 2022 akiwa mbele ya wenzake, na ushindi ukaenda kwa Kalle Rovanperä.

Ubavu mrefu unaleta kasi kwa sababu kinachobeba gari ni upepo, na mpira kazi yake ni kuufunga tu. Gurudumu likigonga jiwe, upepo unakandamizwa na ubavu unajikunja kulipokea jiwe lile, kisha vinarudi mahali pake huku gari likiendelea kunyooka. Ubavu ukiwa mfupi hakuna nafasi ya kujikunja. Jiwe linakutana na rimu, rimu inalikabidhi kwa shokapu, shokapu kwa bushi na bolijointi, na kinachobaki kinafika kwenye uti wa mgongo wako. Katika kila pigo gurudumu linaruka, na gurudumu lililo hewani halisukumi gari mbele, halishiki kona wala halifungi breki. Dereva anapunguza mwendo akidhani barabara ndiyo mbovu kupita kiasi, huku Probox yenye tairi dogo lenye ubavu mnene inampita na abiria wake na mikungu ya ndizi juu ya keria.

Uzito nao unahesabika. Rimu za bei nafuu zilizomiminwa, za inchi 18 au 19, ni nzito kuliko wengi wanavyofikiri, na uzito wa gurudumu ni mbaya kuliko uzito wa buti kwa sababu unazunguka. Injini inalazimika kuuzungusha na breki inalazimika kuusimamisha. Toyota Altezza RS200 yenye gia za mkono ilitangazwa na nguvu farasi 210, lakini injini yake haina tabo na nguvu yake iko juu kabisa ya mzunguko. Ukiivalisha magurudumu mazito, ule wepesi ulioinunulia unakufa, hasa kwenye miinuko ya Kyerwa. Hapa kuna jambo ambalo kila mpenda rimu angepaswa kulijua. TE37 ya kampuni ya Rays, rimu ya Kijapani iliyotoka mwaka 1996 na ambayo umbo lake linaigwa kuliko nyingine nyingi, ilipata nambari yake kutokana na uzito: kilo 3.7, kwa saizi ya inchi 15. Leo umbo hilo linauzwa likiwa limeigwa kwa inchi 19, zito, na wanunuzi wanaamini wamevaa mbio.

Sasa tuchukue tairi lenyewe tulisome. Chukua 215/45R17 87W, saizi iliyozoeleka kwenye Altezza na Impreza. Nambari 215 ni upana kwa milimita. Nambari 45 ni kimo cha ubavu, lakini hakikuandikwa kwa milimita; ni asilimia ya upana ule. Kwa hiyo zidisha 215 kwa 45, gawa kwa 100, unapata milimita 96.75. Gurudumu lina ubavu juu na chini, basi ni 193.5. Rimu ya inchi 17, kila inchi ikiwa milimita 25.4, ni 431.8. Jumla ni 625.3, na hicho ndicho kipenyo cha gurudumu zima. Hesabu hii inafanyika kwa simu ya kitochi, na anayeijua hawezi kuuziwa kitu kisichomfaa.

Ifanye kwa saizi nyingine ambazo Altezza zimetoka nazo kiwandani kutegemea toleo. Ile ya 205/55R16 inakupa milimita 631.9. Ile ya 195/65R15 inakupa 634.5. Angalia kinachotokea: rimu inapungua inchi moja, ubavu unarefuka, na kipenyo kinabaki palepale kwa tofauti isiyozidi asilimia moja na nusu. Toyota walikuwa wamekwishakupa jibu kabla hujaingia dukani. Kutoka ubavu wa milimita 97 wa rimu ya 17 hadi 127 wa rimu ya 15 ni nyongeza ya sentimita tatu za upepo kati ya jiwe la Kamuli na chuma chako, na mita ya mwendo haitaona tofauti ya maana.

Linganisha na kinachouzwa kwa sifa. Tairi la 215/35R18 lina ubavu wa milimita 75, na kipenyo chake ni 607.7. Gari limeshuka karibu milimita tisa hata kabla hujakata springi, na kilichokaribia mawe ni sampo ya oili. Mwingine anakwenda upande wa pili, anachukua 225/45R18 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Kipenyo kinakuwa 659.7, kimezidi cha 215/45R17 kwa asilimia tano na nusu. Tairi linaanza kusugua madigadi ukikata kona na abiria nyuma, gia zinakuwa ndefu na gari linakuwa zito kuondoka, na ukisoma 80 kwenye mita, kasi halisi imesogea kuelekea 84. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, tochi ya trafiki haitasikiliza maelezo ya saizi ya tairi. Wataalamu wengi wanashauri usitoke nje ya asilimia tatu ya kipenyo cha kiwandani, juu au chini, na kwa barabara zetu ningesema kama ni lazima kutoka, toka kidogo kwa juu.

Nambari ya mwisho, ile 87W, watu wengi hawaisomi kabisa, na hiyo inanisumbua kuliko mengine yote. Herufi W inasema tairi limepimwa kwa kasi ya hadi kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210. Hizo zinatosha na kuzidi. Nambari 87 ndiyo yenye maisha ya watu: inasema tairi moja linabeba kilo 545 na si zaidi. Nambari 91, unayoikuta kwenye 205/55R16 na 195/65R15 nyingi, ni kilo 615. Ukishuka kwenye tairi la ubavu mfupi la 215/35R18 mara nyingi unakutana na 84, yaani kilo 500. Sasa pakia gari kama linavyopakiwa nyumbani. Altezza peke yake ina zaidi ya kilo 1,300. Weka watu wazima watano, weka gunia la kahawa la kilo 60 kwenye buti, ongeza mikungu miwili ya ndizi kwa sababu huwezi kuondoka kwa mama mikono mitupu. Umevuka kilo 1,800, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imelalia magurudumu mawili ya nyuma. Kila moja la nyuma linaweza kuwa linakaribia kilo 500 likiwa limesimama tu. Ligonge shimo kwa kasi, na ule uzito unaongezeka kwa kishindo ambacho hakuna mzani utakaokionyesha.

Kinachofuata kinaonekana vizuri kwa fundi pancha kuliko kwenye kitabu chochote. Gari limeinuliwa kwa jeki, tairi limetolewa, limezamishwa kwenye beseni la maji yenye sabuni. Mwenye gari anatazama kashata akitafuta msumari. Mapovu hayatoki huko. Yanatoka kwenye ukingo wa ndani wa rimu, upande usioonekana gari likiwa limesimama, madogo, mfululizo. Fundi anaifuta rimu kwa kitambaa chenye petroli na mstari mwembamba unajitokeza, mfupi kama kucha: aluminiamu imepasuka. Rimu ya chuma ingepinda tu, na fundi angeinyoosha kwa nyundo na gogo ikarudi kazini. Aluminiamu haisamehe hivyo. Inachomelewa, ndiyo, na wapo mafundi wanaoichomea vizuri, lakini moto wa kuchomelea unabadilisha uimara wa aluminiamu ya pembeni yake, na ufa mpya hupenda kuanzia hapohapo. Rimu iliyochomelewa ningeitumia kwa kuendea mjini polepole. Mbele ya gari linalokimbia nisingeiweka.

Alama nyingine ya kutafuta ni jozi ya michubuko miwili ubavuni mwa tairi, sambamba, kama palipobanwa na koleo. Hapo rimu imeuma tairi dhidi ya jiwe. Na kuna nundu: sehemu ya ubavu iliyovimba kiasi cha yai la kuku. Ndani ya nundu hiyo nyuzi zilizokuwa zinashikilia ubavu zimekatika, na kilichobaki ni mpira mtupu unaozuia upepo. Nundu haizibwi. Tairi lenye nundu halirudishwi barabarani hata kwa kufika nyumbani, na fundi anayekuambia litavumilia anakutakia mabaya bila kujua.

Upana ni eneo jingine la imani potofu. Mtu anadhani tairi la 245 litamshika barabarani kuliko la 205. Kwenye lami kavu kuna ukweli ndani yake. Kwenye changarawe, tairi pana linakaa juu ya vijiwe vilivyolegea na kuteleza navyo, wakati jembamba linakanyaga kwa nguvu zaidi kwa kila sentimita na kufika kwenye udongo mgumu chini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za Kyerwa zinapolainika na kushika kama utomvu, tofauti hiyo inaamua nani anapanda mlima na nani anasubiri trekta. Mabingwa wa dunia wanapokwenda kwenye theluji ya Sweden hutumia tairi jembamba, kwa sababu ileile ya kutafuta kilicho chini.

Kwa wenye Subaru kuna onyo la peke yake, na ningeomba lisomwe mara mbili. Gari hilo linasukuma magurudumu yote manne, na katikati lina kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kifaa hicho kinategemea magurudumu yote kuwa na kipenyo kimoja. Ukipasua tairi moja huko Kyerwa ukafunga lililopatikana, la saizi nyingine au jipya kabisa pamoja na matatu yaliyokwisha nusu, magurudumu yatazunguka kwa idadi tofauti kila mita unayokwenda, na kile kifaa kitakuwa kazini muda wote kikipata moto. Kinakufa kimyakimya. Unakuja kugundua gari linapojivuta kwenye kona za polepole, na bei yake inazidi kwa mbali tairi ulilokwepa kununua. Subaru hununuliwa tairi nne pamoja, za aina moja, na zinabadilishana nafasi kila baada ya kilomita elfu kadhaa ili ziishe kwa usawa. Spea nayo iwe ya kipenyo hichohicho.

Sasa rimu. Kosa la kwanza hufanyika kwenye matundu ya nati. Altezza ina nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Impreza WRX za kizazi cha mwaka 2000 na za kabla yake zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Kwa macho zinafanana, na kijana anayenunua rimu zilizotumika kutoka kwa rafiki anaweza kuzibeba kutoka Bukoba ndipo agundue. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu nati huonekana kama imekubali. Nati za Toyota zina uzi wa milimita 1.5, za Subaru ni 1.25, na stadi za magari yote mawili zina unene wa milimita 12. Nati ya Toyota itaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru, fundi ataisukuma kwa spana ndefu, na itakaza kwa kuharibu uzi. Siku utakayohitaji kufungua ndiyo stadi itakatika. Nati zikikataa kuingia kwa vidole mizunguko minne au mitano, simama.

Tundu la katikati nalo lina neno lake. Kitovu cha Subaru kina milimita 56.1, cha Altezza ni 60.1. Rimu ya dukani mara nyingi ina tundu kubwa kuliko vitovu vyote viwili ili iingie kwenye magari mengi, na bila pete ya kujazia nafasi iliyobaki, rimu inaishia kuning'inia kwenye nati. Usukani utatetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa, utapeleka balansi mara tatu, na balansi haitakuwa na kosa. Kisha kuna kina cha rimu, ambacho mafundi wengi wanakiita ofseti: umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapoegemea kitovu. Altezza na Impreza zilitengenezwa na ofseti kubwa, kwa kawaida kati ya 45 na 55. Rimu yenye ofseti ya 30 au spesa nene inalisogeza gurudumu nje, gari linaonekana limepanuka kifua, na uzito wote sasa unaivuta beringi kwa pembe isiyoizoea. Kwenye lami beringi inaweza kuvumilia. Kwenye mawimbi ya changarawe italia mapema, na gari litaanza kula tairi upande mmoja hata baada ya kunyooshwa.

Rimu yoyote utakayoishika, igeuze utazame mgongoni. Rimu za Kijapani zilizopimwa zina alama JWL, na zilizothibitishwa na mpimaji huru zina VIA. Alama peke yake huweza kuigwa, lakini rimu isiyo na alama yoyote, isiyoandikwa upana wala uzito inaobeba, haina sababu ya kufungwa kwenye gari lenye nguvu farasi 200. Na tairi lolote, liwe jipya au lililotumika, lina nambari nne ndani ya kiduara mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni hatari iliyovaa nguo mpya.

Swali la upatikanaji lina uzito wake kwa mtu wa Kamuli. Saizi ya 195/65R15 inatumiwa na Noah nyingi na magari mengine mengi ya familia, hivyo ni saizi inayotembea madukani. Ile ya 205/55R16 nayo ni miongoni mwa zinazouzwa zaidi duniani. Ukipasua 225/35R19, huenda safari yako ikasimama mpaka basi la kutoka Mwanza au Dar es Salaam lilete lingine, na Subaru itahitaji mengine matatu ya kufanana nalo.

Kwa hiyo mwenye Altezza ningemshauri 205/55R16, au 195/65R15 kama toleo lake lina breki ndogo. Kabla ya kununua, rimu moja ya 15 ifungwe mbele bila tairi, izungushwe kwa mkono, fundi aone kama inapita kalipa bila kugusa. Mwenye Impreza WRX naye achukue 205/55R16. Ndiyo saizi ambayo Subaru wenyewe waliifunga kwenye WRX walizoanza kuuza Marekani kama gari la mwaka 2002, kabla ya kuhamia 215/45R17 baadaye. Mwenye Forester yenye tabo iliyotoka kiwandani na 215/60R16 ana bahati kuliko wote: ubavu wake ni wa milimita 129, na kazi yake ni kukataa kushawishiwa avue. Anayezipenda rimu zake za 18 na aziweke Bukoba au Mwanza kwa ajili ya lami, anunue seti nyingine ya rimu za chuma za kuendea nyumbani. Watu wa mbio hufanya hivyohivyo.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari haya mengi huandikiwa kati ya PSI 30 na 36. Kupunguza upepo ili gari lilainike kwenye changarawe kunafanywa na wenye ubavu mrefu tu, na kwa PSI mbili au tatu. Mwenye tairi la ubavu wa milimita 75 akipunguza, anaikaribisha rimu kwenye jiwe.

Anabaki mwenye Impreza STI yenye kalipa kubwa za Brembo. Huyu hawezi kushuka chini ya inchi 17, breki zake hazimruhusu, na kuzibadilisha ni gharama isiyo na maana kwa gari la nyumbani. Akiwa na toleo lililopewa 225/45R17 kiwandani, kipenyo ni milimita 634. Akichukua 215/50R17 anapata ubavu wa milimita 107 na kipenyo cha 647, ongezeko la asilimia mbili tu, tairi jembamba zaidi kidogo na upepo mwingi zaidi. Apime nafasi kwenye madigadi na kwenye springi za nyuma akiwa amekata usukani mpaka mwisho, gari likiwa limepakiwa. Ikipita bila kugusa, afunge zote nne, aweke ya tano ya saizi hiyohiyo kwenye buti, ndipo akate kona ya Omurushaka.